Mlinzi wa Ghala la Mzee Enea

Hapo zamani, ila si ile zamani ya sungura kusema na simba. Zamani ya juzi hivi, bati limeshafika milimani na mhuri wa serikali umefika kabla ya bati, palikuwa na kijiji kikiitwa Ihundwe. Ihundwe ilikuwa juu sana, na ilikuwa baridi sana. Mwezi wa sita ukiingia, umande uliganda juu ya viazi ukawa mweupe kama chumvi, kuku walitembea wakinyanyua mguu mmoja mmoja kama wanakanyaga makaa, na watu walisalimiana kwa kifupi, joto lisije likawatoka mdomoni.

Kila nyumba ya Ihundwe ilijengwa kwa ramani moja, ramani iliyoidhinishwa. Ramani hiyo ilichorwa mbali, na mtu aliyekuwa akitoka jasho. Ilikuwa na madirisha mapana ya kuingiza upepo, dari ya juu ya kupandisha joto, na baraza la kukaa jioni kupunga hewa. Pale Ihundwe hakuna aliyewahi kupunga hewa. Hewa ndiyo iliyowapunga wao. Lakini nyumba isiyofuata ramani ilipigwa X nyekundu ukutani, na iliyopigwa X ilibomolewa. Basi watu walifuata ramani, wakaziba madirisha kwa magunia, wakakohoa kwa mujibu wa sheria.

Raia mwema kuliko wote alikuwa Mzee Enea Nkwama. Nyumba yake ilifuata ramani mpaka kwenye bawaba za mlango, na cheti cha kumpongeza kilitundikwa sebuleni, kikipepea mchana kutwa. Kilicholipia cheti hicho ni kifua chake. Mwaka huo mganga wa zahanati alimsikiliza mgongoni, akamsikiliza tena, akavua vifaa vyake masikioni.

"Mzee wangu, dawa ninazo, lakini wewe unazimeza ukiwa ndani ya jokofu. Ukilala Julai nyingine katika nyumba ile, fundi utakayemhitaji ni wa jeneza."

Mzee Enea akarudi nyumbani, akawaita watu wake watatu.

Wa kwanza ni Lusiana, bintiye mkubwa, fundi cherehani, aliyeolewa Makambako. Wa pili ni Jeswald, mwanawe wa kiume, dalali wa viazi, mtu aliyeweza kukuuzia kiazi ulichokishika mkononi. Wa tatu ni Tulizo, mkamwana wake, mjane wa mwanawe mdogo. Tulizo aliishi pembeni mwa shamba katika kibanda cha nyasi, ambacho hakikupigwa X kwa sababu wakaguzi walidhani ni cha mbuzi. Yeye hakuingia sebuleni. Alisimama nyuma ya mlango. Desturi ya Ihundwe ilikuwa hivi: mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni, na mkamwana hapandi mahali palipo juu ya kichwa cha baba mkwe, iwe ngazi, iwe mti. Uji wa mzee aliuweka kizingitini, akagonga, akaondoka. Alimjua baba mkwe wake kwa kikohozi, kama unavyomjua jirani kwa mluzi.

Mzee akasema, "Maneno mengi sina, kikohozi kimeyachukua. Atakayenilaza kwenye joto nikaiona Agosti, nyumba hiyo itakuwa yake baada yangu, na shamba lililoizunguka. Nimemaliza."

Hakuwa amemaliza; alikohoa mpaka chai ikapoa.

Aliyepata wazo ni Lusiana. Alilala pale usiku ule, asubuhi akatoka nje akijipiga mabega, na ng'ambo ya bonde akaliona banda la zamani la kukaushia pareto: refu, jeusi kwa moshi, paa lake limechongoka kama kiwiko cha mtu aliyejikunyata. Akamwita ndugu yake.

"Jeswald, utotoni sisi tulipata joto wapi?"

"Kwani tulipata joto?"

"Kwenye banda la pareto. Si tulikuwa tukijificha katikati ya trei za maua, moto wa tanuri uko chini, mpaka masikio yanawaka?"

Jeswald akanyamaza, jambo ambalo kwake lilikuwa kama kula kiapo.

"Basi Ihundwe nzima inajua kuyapa maua joto," akasema Lusiana, "ila haijui kumpa mzee."

Akakunjua karatasi yake ya kukatia mitindo, akachukua chaki na futi, akaanza kukata nyumba kama anavyokata koti. Nyumba ndefu, nyembamba, mtindo wa ghala. Paa lenye mteremko mkali, barafu ya alfajiri iteleze ishuke. Ukuta wa mbao mbili mbili, na katikati maranda ya mbao yaliyoshindiliwa. "Hiyo ndiyo bitana," akasema. "Koti lisilo na bitana ni shati lenye majivuno." Upande mmoja mzee na kitanda chake, upande wa pili, nyuma ya ukuta, ng'ombe wake wawili wa maziwa wakipumua. Juu, darini, majani makavu ya ng'ombe. Chini, tanuri ya udongo, bomba lake likipita chini ya sakafu na kutolea moshi ncha ya pili. Madirisha madogo, yenye vifungo. Baraza hakuna.

Mzee akaitazama ile karatasi, akauliza, "Na hapa kwenye shingo ni nini?"

"Hapo ni mlango, baba."

"Nzuri. Itanikaa."

Kazi ya kuomba ruhusa ikawa ya Jeswald. Akavaa koti lake la msibani na harusini, akashuka wilayani.

Akaenda kwa bwana ujenzi. Bwana ujenzi akaigeuza karatasi juu chini, chini juu. "Hii si nyumba. Haina baraza. Hili ni ghala. Nenda kwa bwana shamba."

Akaenda kwa bwana shamba, jina lake Kalistusi, mtu wa kutoka nchi ya joto, aliyevaa sweta tatu ofisini. Bwana shamba akasema, "Hili si ghala. Lina kitanda. Nenda kwa bwana afya."

Akaenda kwa bwana afya. Bwana afya akasema, "Kitanda sina ugomvi nacho. Lakini hapa naona ng'ombe. Hili ni zizi. Nenda kwa bwana mifugo."

Akaenda kwa bwana mifugo. Mlango ulikuwa na kufuli. Bwana mifugo alikuwa semina.

"Anarudi lini?" akamuuliza mhudumu.

"Haijulikani. Ni semina ya kupanga tarehe za semina."

Mwingine angerudi nyumbani akanunue sanda. Jeswald alirudi kwa bwana shamba, akaketi bila kukaribishwa.

"Mheshimiwa, tuseme hili ni ghala. Ghala la serikali lina mlinzi?"

"Lina mlinzi."

"Mlinzi analala wapi?"

"Mlinzi halali."

"Sawa. Huyo asiyelala, akichoka kutolala, anajinyoosha wapi?"

Bwana shamba akatazama dari. "Kitandani," akakiri.

"Na akiwa na ng'ombe wake wawili, wa chai ya kumfanya asilale?"

"Hayo ni marupurupu."

Ruhusa ikatoka, na mhuri juu yake. Ghala moja la mazao. Tundu la hewa mgongoni mwa paa, kwa mujibu wa kanuni za maghala. Mlinzi mmoja, si zaidi: Enea Nkwama, umri miaka sabini na tisa, uzoefu wa ulinzi hakuna.

"Yaani nimeajiriwa?" akauliza mzee.

"Umeajiriwa, baba."

"Mungu mkubwa. Nilishakata tamaa."

Wakajenga. Miti ya misindano ilikuwa ya mzee mwenyewe, aliipanda mwaka alipooa. Mafundi wakapasua, wakapiga randa, maranda yakaingia ukutani yakiwa bado yananukia. Kenchi za paa zikasimama, bati likapanda. Lusiana alizunguka na futi shingoni, akivuta mbao kama anavyovuta pindo: "Hapa pamekaza. Hapa legeza kidogo." Tulizo alikanda udongo wa tanuri kwa miguu mpaka ukawa laini kama ugali wa wageni. Jeswald aliwasimulia wapita njia jinsi alivyoishinda serikali, na wapita njia walipozidi, aliwapa mbao wabebe.

Mwisho wakaweka kofia ya bati mgongoni mwa paa. Wakaiweka ikiwa imeinuliwa, na mwanya chini yake, ncha mpaka ncha, kama ilivyo kwenye kila banda la pareto tangu bondeni mpaka mlimani. Karatasi ya Lusiana ilisema hivyo, ruhusa ya Jeswald ilisema hivyo, na mafundi hawakuuliza. Mtu wa Ihundwe huzaliwa akijua kwamba paa lisilo na tundu huozesha maua. Hakuna aliyefikiri kwamba Mzee Enea si ua.

Mwanzo wa Juni mzee akahamia. Tanuri ikakokwa, sakafu ikapata moto, ng'ombe wakapumua. Na joto, likiwa na akili kuliko wote, likapanda juu, likaona mwanya, likaenda zake. Kunguru wa kijiji kizima walikuja kukaa juu ya kofia ile, wamefumba macho kwa raha. Chini yao, hewa kavu ilipita juu ya kitanda kutwa kucha. Midomo ya mzee ikapasuka. Ngozi ikawa kama karatasi.

"Nakauka vizuri," akamwambia Lusiana. "Nadhani nitatoka daraja la kwanza."

Lusiana hakucheka. Akatoka nje, akamkuta Jeswald.

"Tundu lile lizibwe leo."

"Dada, una wazimu? Bwana shamba anakuja kukagua. Tundu limeandikwa. Tundu lisipokuwepo, hili si ghala. Lisipokuwa ghala, ni nyumba isiyo na ramani. X nyekundu, tingatinga, na mzee tunampeleka wapi?"

"Na likibaki wazi tunampeleka wapi? Makaburini?"

"Tundu ulichora wewe!"

"Nawe ukaenda kulipigia mhuri! Mdomo wako umeuza kila kitu, ukashindwa kununua bati la futi mbili!"

"Asubiri akaguliwe kwanza, kisha tunaziba."

"Kikohozi hakijui ratiba ya ofisi, Jeswald."

Mwisho wakakubaliana, kama wanavyokubaliana watu waliochoka: Lusiana ashuke Makambako kuleta blanketi nzito, Jeswald ashuke wilayani kuomba ruhusa ya kuomba kuziba. Wakapanda lori moja, kila mmoja akitazama upande wake.

Haya yote Tulizo aliyasikia, maana alikuwa kizingitini na uji. Akagonga. Mzee akakohoa, lakini kikohozi kilikuwa kimebadilika. Kilikuwa kidogo, cha kuomba radhi, kama cha mgeni asiyetaka kusumbua. Tulizo akakiogopa kuliko kile kikubwa. Uji wa jana ulikuwa palepale, umeganda.

Akaenda kwenye kibanda chake. Majani ya darini yalikuwa chakula cha ng'ombe, na nyasi kavu nyingine hazikuwepo karibu. Zote zilishalowa ukungu. Akapanda juu ya paa lake mwenyewe, akalifumua kutoka mwanzo mpaka mwisho, akafunga mafungu, akayabeba mgongoni adhuhuri ile mpaka ghalani. Akasimama mlangoni.

"Hodi, baba. Naomba ujifunike uso."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Nataka kupita juu yako."

Desturi ya Ihundwe ilikuwa na umri mkubwa kuliko serikali, wala haikuhitaji mhuri.

"Juu ya kichwa changu?"

"Juu ya kichwa chako, baba. Ukikataa nitasubiri hapa hapa. Lakini sitaki kuja kukuosha."

Mzee akavuta shuka usoni. "Mimi nimelala," akasema. "Mlinzi akilala, haoni mwizi."

Tulizo akapanda ngazi ya dari, akapita juu ya kichwa cha baba mkwe wake, jambo ambalo hakuna mkamwana wa Ihundwe aliyewahi kulifanya, akaushindilia ule mwanya kwa nyasi za paa lake, ncha mpaka ncha. Kunguru wakaruka, wakilalamika. Kwa nje kofia ilibaki imeinuka vilevile. Akashuka, akaweka uji kizingitini, akagonga.

Wale wawili waliporudi, Lusiana na blanketi, Jeswald bila ruhusa, walimkuta mzee ametupa shuka, paji la uso linang'aa, anauliza kama kuna kiazi cha kuchoma. Wakapanda darini kutazama. Wakashuka. Wakatazama pembeni mwa shamba, kwenye kibanda kilichobaki mbavu tupu kama ng'ombe wa kiangazi. Julai ikaja na barafu yake, ikapita, na mzee akakohoa mara moja tu, kumkoholea jogoo aliyeingia ndani.

Agosti ilipoingia, ndipo bwana shamba akaja kukagua.

Alikuja amelowa mvua ya ukungu, viatu vya mjini vimejaa maji, sweta tatu zote zimekuwa moja. Nje akainua macho: kofia imeinuka, tundu lipo. Akaandika. Ndani akainua kiganja kuutafuta upepo. Hakuna. Akakiinua juu zaidi. Hakuna. Jeswald akaanza kukohoa, yeye ambaye hakuwa mgonjwa.

"Hili tundu linapitisha hewa kweli?" akauliza bwana shamba.

"Mheshimiwa," akasema Jeswald, "kanuni inasema tundu liwepo. Je, kuna mahali inasema hewa nayo iwepo?"

Bwana shamba akafikiri. Alipokuwa akifikiri Lusiana alimvua viatu akaviweka kando ya bomba, akamvalisha koti la baba yake. Tulizo akapitisha kikombe cha maziwa ya moto mlangoni. Bwana shamba akaketi juu ya majani makavu, afikiri vizuri. Akafikiri mpaka saa kumi alasiri, akikoroma. Tangu ahamishiwe milimani hakuwahi kufikiri hivyo.

Akaamka, akajinyoosha, akaandika: Ghala ni kavu. Tundu lipo. Kilichohifadhiwa kiko katika hali nzuri.

Kisha akasoma cheo cha mzee, akasoma umri wake, akakunja uso.

"Mlinzi ana miaka sabini na tisa. Kanuni inataka mrithi wa mlinzi aandikwe sasa hivi, asije akaondoka ghafla ghala likabaki bila mtu. Nafasi ni moja. Jina ni moja. Na atakayeandikwa ndiye mwenye haki ya kulala humu. Mwingine yeyote akilala, ni mwizi wa mazao. Haya, nani?"

Kumbe ahadi ya mzee sasa ilikuwa imepata kalamu.

Lusiana akasimama. "Baba, kabla yangu hapa palikuwa na ukungu tu. Mimi nilikata, mimi nilipima. Joto hili lilikaa kichwani mwangu kabla halijakaa kwako. Na Makambako ninapanga chumba cha mtu, cherehani yangu iko chini ya kitanda."

"Na tundu je?" akasema Jeswald. "Koti uliloshona wewe lilikuwa na shimo mgongoni. Baba, dada ana mume, ana pa kulala. Bila mimi karatasi yake ingefungiwa maandazi. Wangepiga X ukuta wa kwanza. Mimi niliwatafuta mabwana wote hao, na leo umeona, mdomo wangu ndio uliosimamisha paa hili. Na mimi ndiye mwana wa kiume uliyebaki naye."

"Mdomo huohuo ulisema mzee asubiri," akajibu Lusiana. "Na nyumba unayo, pale sokoni, ya matofali."

"Ina baraza!" akasema Jeswald kwa uchungu. "Nami kifua kimeanza."

Mzee akaugeukia mlango, akasema, "Tulizo, nawe sema."

"Mimi sikuchora, baba, na wilayani sikufika. Nilipanda mahali nisipopaswa kupanda. Shemeji ana haki akisema ukaguzi ungeweza kutuponza sote kwa ajili yangu. Lakini paa langu liko juu ya kichwa chako. Nikilirudisha kwangu, unakohoa. Nikiliacha kwako, tangu Juni nalala kwa majirani, kila siku nyumba nyingine, na majirani wameanza kufunga milango mapema."

"Lakini wifi," akasema Lusiana taratibu, "kesho ukiolewa, nyumba ya baba yetu inakwenda kwa mtu tusiyemjua."

"Na mkamwana aliyepita juu ya kichwa cha baba mkwe," akaongeza Jeswald, "wazee watasema tumempa nyumba kwa kuvunja desturi. Mwakani kila mkamwana atakuwa darini."

"Wazee wasemao hivyo," akasema Tulizo, "niwaone Julai."

Mzee Enea akacheka, akafuta macho, kisha hakucheka tena. Akawatazama wawili alioruhusiwa kuwatazama, akautazama mlango.

"Nimewaza nikimtoa mmoja wenu," akasema. "Nikimtoa Lusiana, nimekufa kwenye nyumba yenye cheti. Nikimtoa Jeswald, nimekufa juu ya kifusi. Nikimtoa Tulizo, nimekufa nikiwa mkavu, daraja la kwanza. Bwana shamba, andika familia."

"Familia nani?" akauliza bwana shamba, kalamu iko hewani. "Ofisi haimtambui mtu anayeitwa Familia. Jina moja, mzee. Lori la mwisho liko barabarani, naisikia honi."

Nanyi mliokaa hapa na mablanketi yenu mmewasikia wote watatu: aliyewaza, aliyeomba ruhusa, na aliyeziba. Kila mmoja alimponya mzee, na kila mmoja alikuwa na lake la kujibu. Kalamu imegusa karatasi, bwana shamba anasubiri herufi ya kwanza. Haya, semeni kabla lori halijaondoka: nani alistahili kuandikwa mlinzi?